Msuli huvuta tu, hausukumi

Mnamo Agosti 2017, jijini London, Usain Bolt alianguka akiikimbilia Jamaica zamu ya mwisho katika fainali ya mbio za kupokezana vijiti. Kilichomwangusha ni msuli wa nyuma ya paja.

Ili kuuelewa mkasa huo, yafaa kujua kwamba msuli huvuta tu. Hauwezi kusukuma asilani. Ndiposa misuli hufanya kazi kwa kukabiliana. Ile ya mbele ya paja inapojikaza, huvuta kano inayopitia kwenye pia ya goti hadi kwenye muundi, na mguu ukanyooka. Ya nyuma inapojikaza, goti hukunjika. Goti lenyewe ni mithili ya bawaba ya mlango, ambapo gegedu na ute huzuia mifupa isisagane.

Hatari huja mkimbiaji anapourusha mguu mbele kwa kasi. Msuli wa nyuma hurefushwa na papo hapo hujikaza ili kuuzuia mguu usipitilize. Hapo ndipo nyuzi zake hukatika, hususan zikiwa zimechoka au hazijapashwa joto, jambo wanalolipuuza vijana wetu wengi wanaotoka kazini jioni na kuingia moja kwa moja uwanjani kusakata kabumbu.