Uhai Huanza Lini? Katiba ya Kenya na Maswali Mawili (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliishia kwenye elimu ya viumbe: mbegu ya mume ikishaungana na yai, hupatikana kiumbe kipya chenye urithi wake wa pekee. Hilo halina ubishi mkubwa. Ubishi ni kama kiumbe hicho kimekwisha kuwa mtu, mwenye haki ya kuishi kama mimi na wewe.

Kenya ilijibu kwa maandishi. Katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni Agosti 4, 2010 inasema katika Kifungu cha 26 kwamba uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Katiba zinazotamka hivyo waziwazi ni chache duniani. Hata hivyo viongozi wengi wa makanisa waliipigia kampeni ya kuikataa. Pamoja na suala la mahakama za kadhi, kilichowakera ni kuwa kifungu hichohicho, baada ya kukataza kutoa mimba, kinaacha mlango: mtaalamu wa afya aliyehitimu akiona pana haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. Waliona katiba inajipinga yenyewe. Wapo wa upande wa pili walioona vivyo hivyo, wakitaka ile kauli ya mwanzo ndiyo iondoke.

Kwangu haijipingi. Kuuliza aliyemo tumboni ni nani ni swali moja. Kuuliza anaweza kudai nini kutoka kwa mwili wa aliyembeba ni jingine, na ukilijibu la kwanza bado hujaligusa la pili.

Wanazuoni wa Kiislamu waliligundua hili zamani sana. Hadithi ya Mtume aliyoipokea sahaba wake Ibn Mas'ud inaeleza hatua za mtoto tumboni, tone, pande la damu, pande la nyama, kisha malaika hutumwa kumpulizia roho, na wengi wamefahamu kuwa ni baada ya siku 120. Mtu angetarajia basi kwamba kutoa mimba kabla ya roho ni halali, baada yake ni haramu, yakaisha. Hayakuisha. Miongoni mwa Wahanafi walikuwapo walioruhusu kabla ya muda huo. Wamaliki wengi wakakataa tangu mapema. Imamu Ghazali, wa madhehebu ya Shafii ambayo ndiyo yaliyoenea huku pwani, alifundisha kwamba kuiharibu mimba ni kosa tangu inapotunga, na kosa huzidi uzito kadiri mimba inavyokua. Hakungoja roho ipulizwe ndipo akataze. Na kwa upande mwingine, baada ya roho kupulizwa, mafakihi wengi wa zama hizi huruhusu mimba itolewe ikiwa kuiacha kutamuua mama. Huo ni uangalifu ninaouheshimu mno, nami ninaamini kwamba kilichomo tumboni hakichezewi hata siku ya kwanza.

Sheria ya jinai nayo ina njia yake. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, iliyorithiwa kwa Waingereza, inasema mtoto huwa mtu anayeweza kuuawa pale anapokuwa ametoka mzima mzima tumboni mwa mama akiwa hai. Mwenye kumtoa mwanamke mimba anaweza kufungwa miaka 14, na mwanamke mwenyewe 7. Ni adhabu nzito, lakini si ya mauaji. Anayeshikilia kwamba kijusi ni mtu kamili hana budi kutueleza tofauti hiyo inatoka wapi. Naye anayesema si mtu aeleze kwa nini mama aliyeharibikiwa na mimba analia kama mfiwa.

Mwaka 2019 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kesi iliyomhusu msichana aliyebakwa akiwa na miaka 14, akatolewa mimba kwa njia isiyo salama, akaugua figo na kufariki mwaka 2018. Majaji hawakuifuta kauli ya uhai kuanza mimba inapotungwa. Walisema kutoa mimba kunabaki kosa, ila mimba iliyotokana na ubakaji inaweza kutolewa ikiwa mtaalamu ataona inahatarisha maisha ya mama au afya yake ya mwili au ya akili. Wakaona pia kuwa serikali ilikosea kuondoa, mwaka 2013, mwongozo uliowaelekeza wahudumu wa afya. Bila mwongozo, muuguzi wa zahanati aliogopa jela na mgonjwa akaenda kwa asiyejua kazi.

Juma lijalo: hoja ya mwanafalsafa Judith Jarvis Thomson ya mwaka 1971, aliyekubali kwa muda kwamba kijusi ni mtu, kisha akaendelea kubisha.