"Ploti ni yangu, nampangisha nimtakaye." Kweli?

1/ Wadau, kila msimu wa siasa hoja hii hurudi: "Mali ni yangu. Nikikataa kumpangisha mtu wa kabila fulani, serikali inahusika wapi?" Leo tuichambue, bila kutaja chama wala mwanasiasa.

2/ Mimi yamenipata. Nilikuwa natafuta bedsita karibu na chuo. Keateka akanionyesha chumba, tukaelewana bei. Kusikia tu jina la baba yangu, ati "kimeshachukuliwa." Jioni rafiki yangu mwenye jina la kwingine akapiga simu. Chumba kipo, hata kesho ahamie.

3/ Tusimwonee mwenye ploti. Kifungu cha 40 cha Katiba ya 2010 kinalinda mali yake. Ukikosa depositi, au ukijulikana kwa kuhama usiku na kodi ya watu, ana haki kukukataa.

4/ Shida ni kwamba wengi husoma 40 wakaruka 27. Kifungu cha 27(4) kinaikataza serikali kubagua kwa kabila, dini, jinsia, ndoa, ujauzito, ulemavu na kadhalika. Kisha 27(5) kinamkataza mtu yeyote kufanya hivyo. Mwenye ploti pia ni mtu.

5/ "Si soko litamwadhibu? Nyumba ikae tupu." Lakini mtaa mzima ukibagua, utahamia wapi? Marekani, wasafiri weusi walitumia kitabu kilichoitwa Green Book, kuanzia 1936, kujua watalala wapi bila kufukuzwa. Soko halikuwaokoa. Sheria ya 1964 ilipokataza hoteli kubagua, moteli moja ya Atlanta ilienda kortini ikidai uhuru wa kuchagua wateja. Ikashindwa mwaka huohuo.

6/ Kuna swali gumu hapa. Je, anayekodisha chumba ndani ya nyumba anamoishi na watoto wake? Sheria ya nyumba ya Marekani ya 1968 iliwaachia nafasi wenye nyumba ndogo wanaoishi humo humo. 27(5) yetu haikutaja msamaha huo. Hapo naelewa mtu akisita.

7/ Lakini ploti ya vyumba 40 ni biashara. Hati yake inalindwa na polisi na korti zinazolipwa kwa ushuru wa wote, hata yule aliyeambiwa "kimeshachukuliwa."

Wewe ukiwa na ploti, ungeuliza jina la baba? Semeni ukweli hapo chini.