Umri wa Chama Haulipi Madai

Kabla ya kutoa franka zao, wenye pikipiki wa Tunda, mkoani Maniema, Kongo, kama wenzao wa Kindu mjini, huuliza: chama cha mawakala wa bima kilianzishwa mwaka gani? Ni swali bovu. Anayeuliza huamini kwamba chama kikongwe, chenye beji na muhuri, kitamlipa siku wakala atakapotokomea na fedha.

Hiyo historia ndefu haipo. Mwaka 1966 serikali iliunda SONAS, shirika lake la bima, kisha ikalikabidhi soko zima; makampuni ya kigeni yaliyouza bima tangu ukoloni yakafungiwa mlango. Kwa karibu miaka hamsini, aliyeuza bima Maniema aliuza ya SONAS tu. Ukiritimba ulivunjwa na Sheria Na. 15/005 ya 17 Machi 2015, na makampuni binafsi ya kwanza yakapata vibali mwaka 2019. Basi anayejinadi kwamba chama chake kimeunganisha mawakala wa makampuni mbalimbali tangu enzi za Mobutu aulizwe: makampuni hayo yalikuwa wapi? Tanzania Bara nayo ilipita njia hiyo: NIC, shirika la bima la huko, ilitaifishwa 1967, na milango haikufunguka mpaka sheria ya 1996. Kenya, makampuni mengi yaliyoshindana yaliunda umoja wao, AKI, mwaka 1987. Nao ni umoja wa makampuni, si wa mawakala.

Wapo watakaosema mawakili na madaktari wana vyama vinavyowaadhibu, kwa nini si mawakala? Kwa sababu vile vya mawakili na madaktari vimeundwa na sheria, na anayefukuzwa hupoteza haki ya kufanya kazi. Chama cha hiari chini ya Sheria Na. 004/2001 kinaweza kumfuta mwanachama leo, kesho akaendelea kuuza karatasi sokoni. Wala madeni ya mwanachama si madeni ya chama, hata kiwe na umri wa babu.

Mwenye nguvu ya kutoa na kunyang'anya kibali ni ARCA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima. Bima ya madhara kwa wengine ni lazima kwa kila chombo cha moto tangu 1973, hivyo kukwepa si njia. Dai namba ya kibali cha wakala na jina la kampuni anayoiwakilisha. Kama ni dalali, kumbuka anasimama upande wako, si wa kampuni. Lipa kwa risiti ya kampuni, soma tarehe ya kuanza na kuisha, piga picha mkataba, kisha ipigie kampuni yenyewe kuthibitisha kabla hujawasha pikipiki.