Filamu za Kutisha Nyumbani Mwetu: Tuzipime Namna Gani?

Hapo zamani mtu aliyetaka kutazama sinema alitoka nyumbani kwake, akalipa, akaketi kati ya watu, na mlangoni alikuwapo mtu wa kumrudisha mtoto. Siku hizi sinema imevuka kizingiti chetu yenyewe. Imo katika televisheni, imo katika flashi ambayo kijana ameazima kwa rafiki yake, imo hata katika simu chini ya blanketi. Na kati ya filamu ziingiazo hivyo, zile za kutisha si haba: maiti wanaotembea, wafu wanyonyao damu, walozi wanaokula watu usiku. Nyingi zimetengenezwa kwa fedha kidogo. Hata hivyo zina wapenzi wao, ambao huzirudia mwaka hata mwaka.

Baba mmoja husema: «Nitakivunja chombo hiki.» Mwingine husema: «Ni mchezo tu, waacheni watoto.» Wote wawili wameikwepa kazi moja, nayo ni kazi ya kupima. Papa Pius XII, katika barua yake Miranda Prorsus ya tarehe 8 Septemba 1957, hakuwaamuru wakristu wakimbie sinema, radio na televisheni. Alivihesabu vyombo hivyo kuwa vipaji vya Mungu, akaonya juu ya matumizi yake mabaya, tena akataka watazamaji wafundishwe kutazama. Basi, wasomaji wapenzi, tujifunze.

Uzuri haupimwi kwa mali

Neno la kwanza: tusiidharau filamu kwa sababu ni ya kutisha, wala kwa sababu ni ya kimaskini.

Mwaka 1922, huko Ujerumani, F. W. Murnau alitengeneza filamu iitwayo Nosferatu, habari za bwana mmoja mfu anyonyaye damu ya walio hai. Kampuni iliyoitoa ilikuwa ndogo, ikafilisika upesi. Tena hadithi yake ilikuwa imechukuliwa bila ruhusa katika kitabu Dracula cha Bram Stoker. Mjane wa mwandishi akashitaki, na hakimu akaamuru nakala zote ziharibiwe. Nakala chache zikaponyoka, nazo ndizo zilizotufikia.

Filamu hiyo haina maneno ya kusikika. Zimwi lapanda ngazi, nasi twaona kivuli chake tu ukutani, na vidole virefu kama makucha. Yatosha kumsisimua mtu mwili mzima. Lakini angalieni mwisho wake. Zimwi halishindwi kwa bunduki wala kwa uganga. Lashindwa na mwanamke anayejitoa nafsi yake kwa ajili ya watu wa mji, akalizuia karibu naye mpaka jogoo awike na jua litoke. Mkristu akiona hayo hawezi kusema kwamba hakuna la kufikiri. Mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Vatikano ilitoa orodha ya filamu 45 zinazostahili kukumbukwa kwa ajili ya dini, maadili au sanaa. Nosferatu imo katika orodha hiyo, katika fungu la sanaa.

Damu ya chokoleti

Neno la pili: mtazamaji ajue namna filamu inavyotengenezwa. Woga mwingi hutoka katika kutojua.

Mwaka 1968, karibu na mji wa Pittsburgh huko Marekani, kijana George Romero na rafiki zake walichanga fedha, wakatengeneza Night of the Living Dead, yaani usiku wa wafu walio hai. Gharama yote ilikuwa kama dola 114,000, fedha kidogo sana katika kazi ya sinema. Picha zake ni nyeusi na nyeupe, na hiyo ilisaidia, kwa maana damu inayoonekana ikitiririka ni maji mazito ya chokoleti. Mwambieni mtoto neno hilo, mtaona uso wake unavyofunguka.

Tena iko filamu ya Ed Wood, Plan 9 from Outer Space, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1957. Fedha zake zilitoka kwa wakristu wa kanisa moja la Kibatisti. Mchezaji wake mwenye sifa, Bela Lugosi, alikuwa amekwisha kufa mwaka 1956; mahali pake akawekwa mtu mwingine asiyefanana naye, akijifunika uso kwa joho. Makaburi yanatikisika kama makaratasi. Mtu akimbia mchana, na hatua mbili mbele ni usiku. Mwaka 1980 ilipewa jina la filamu mbaya kuliko zote, na tangu hapo watu wanaitafuta ili wacheke. Jamaa inayocheka pamoja kwa kuona mishono ya vazi haitatishwa tena na vazi lenyewe. Ndiyo sababu filamu iliyotengenezwa vibaya yaweza kuwa mwalimu mzuri nyumbani.

Yule aliyedhaniwa kuwa zimwi

Neno la tatu ndilo zito, nami naomba tulikalie.

Katika ile filamu ya Romero, watu saba wamejifungia katika nyumba ya shamba, na wafu wameizunguka. Badala ya kusaidiana wanagombana: huyu ataka wote wateremke katika chumba cha chini ya ardhi, yule akataa. Mwenye akili na moyo kati yao ni Ben, mtu mweusi, aliyechezwa na Duane Jones. Usiku kucha anapigana, na alfajiri yeye peke yake amebaki hai. Anasikia sauti za watu waliokuja kuokoa, anasogea dirishani. Wenye bunduki wanaona kivuli cha mtu. Hakuna anayemwita, hakuna anayemwuliza jina. Wanampiga risasi, na mwili wake unatupwa motoni pamoja na maiti wengine.

Filamu hiyo ilitoka mwezi wa Oktoba 1968, miezi michache baada ya Martin Luther King kuuawa tarehe 4 Aprili, na wengi waliona ndani yake jeraha la nchi yao. Lakini sisi wa Kongo nasi tuna jeraha letu, na filamu hiyo yaligusa.

Nyumbani mwetu zimeingia pia filamu za ulozi, hasa za Nigeria. Living in Bondage ya mwaka 1992, habari za mtu aliyemtoa mke wake kafara ili atajirike, ilifungua njia, na nyingine nyingi zikafuata. Hadithi ile yaweza kutufundisha kwamba mali iliyonunuliwa kwa damu haimpi mtu usingizi. Lakini wako watu wasiotazama filamu za namna hiyo kama hadithi. Wanazitazama kama ushahidi. Mtoto ametazama maiti na walozi mpaka usiku wa manane. Amelala, anapiga kelele usingizini. Asubuhi jirani anasema: «Huyu hutoka usiku.» Akiwa ni yatima aliyekuja kulelewa kwa shangazi, au ana kifafa, au anakojoa kitandani, neno hilo linashika upesi kama moto katika nyasi kavu. Mwisho wake ni fimbo, njaa, na kufukuzwa. Wako watoto walalao sokoni na barabarani katika miji yetu kwa sababu ya neno kama hilo.

Hao ndio akina Ben wetu: wamehukumiwa kuwa mazimwi, wala hakuna aliyewauliza. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 imeweka kifungo kwa anayemsingizia. Na juu ya sheria za serikali iko amri ya nane ya Mungu: Usimshuhudie jirani yako uwongo.

Maswali matatu ya kuuliza

Kwa hiyo, baba na mama, fanyeni hivi. Mtoto mdogo asitazame kabisa. Filamu ya Romero ilipotoka, Marekani ilikuwa bado haijaanza kupanga filamu kwa umri wa watazamaji. Mpango huo ulianza mwezi uliofuata, Novemba 1968. Mwandishi Roger Ebert aliona katika ukumbi watoto waliokuja peke yao mchana, wakikaa kimya kwa hofu, wengine wakilia. Msiwafanye wenu kuwa kama wale.

Vijana wakubwa watazame pamoja nanyi, mapema jioni, taa ikiwaka. Filamu ikiisha, msizime na kwenda kulala. Ulizeni kwanza: jambo hili limefanywaje, kwa rangi gani, kwa kamba gani? Pili: mwenye filamu ataka tumwogope nani, na je, ni haki? Maana iko filamu inayotuonyesha uovu ulio moyoni mwetu, na iko nyingine inayotunyoshea kidole kizee wa jirani. Ya kwanza yafaa, ya pili ni sumu. Tatu: kesho nitamtazamaje mwenzangu? Kama filamu imekuacha ukimshuku mtoto wa lupango lako, imekwisha kuhukumiwa kwa tunda lake.

Hofu ni kitu cha kawaida, hata mitume walipiga yowe ziwani walipomwona Yesu juu ya maji, wakidhani ni mzuka. Yeye aliwajibu kwa sauti yake, nao wakamjua. Vivyo hivyo nasi, kabla ya kusema «zimwi», tuwashe taa, tumwite mtu kwa jina lake, tusikilize atakavyoitikia.