Je, Waijua Sayari Iitwayo Tanzanite?

Mwezi wa Disemba, kaskazi ikianza kuvuma na majahazi yamelala pwani ya Bagamoyo, mwenye kuinua uso majira ya saa tatu usiku hulikuta kundi la nyota liitwalo Nyangumi karibu na utosi wake. Na humo, kwa unyonge wa nuru usioonekana ila kwa darubini, imo nyota ambayo tangu mwaka 2019, Jumuiya ya Kimataifa ya Wanafalaki ilipotimiza miaka 100 na kuipa kila nchi fursa ya kuchagua majina, huitwa Mpingo kwa chaguo la Watanzania, na sayari yake huitwa Tanzanite, kwa kito kichimbwacho Mererani.

Hakuna aliyeiona. Kila ipitapo mbele ya nyota yake huzuia sehemu 4 hivi katika kila 1,000 za nuru, na kwa upungufu huo hafifu, uliorudi na kurudi kwa muda ule ule, wanafalaki wa mradi wa WASP waliitambua. Nuru tuipokeayo leo iliondoka huko zaidi ya miaka 1,100 iliyopita, Kaole ikiwa haijajengewa msikiti wake wa mawe.

Uzito wake ni mara 2.2 ya Mshtarii, na upana wake mara 1.46. Iko kilomita milioni 7 tu kutoka kwa nyota yake, ilhali sisi tu mbali na jua kilomita milioni 150. Mwaka wake ni siku 2.9, hata auanzaye baada ya sala ya Ijumaa huumaliza kabla ya adhuhuri ya Jumatatu; na hari yake yakisiwa nyuzi za sentigredi 1,700 na ushei.

Na tuiwaze basi, ila kwa kufuata vipimo. Ardhi ya kukanyaga haipo. Ni hewa juu ya hewa. Upande mmoja, kwa dhana ya wanafalaki, waielekea nyota daima, na huko Mpingo yatanda mbinguni kwa upana wa karibu mara 50 ya jua tulionalo. Jina la sayari lashawishi tuiwazie zambarau ya kito. Hari yake yakataza, kwani kitu chenye moto huo hung'aa chenyewe kwa wekundu, kama chuma kitokacho kwa mhunzi. Pepo kali huenda zachukua mvuke wa madini hadi upande wa giza, ukapoa huko ukawa mawingu ya vumbi.

Wala haitadumu. Mpingo imekwisha kuingia uzeeni, imevimba kupita mara mbili ya upana wa jua letu, na ikizidi kuvimba itaimeza.