Uzito wa Sangara: Namna ya Kuukadiria, na Namna ya Kumshika Samaki kwa Usalama



Katika ukaguzi wa vyama vya ushirika vya wavuvi, kitabu ninachokifungua kwanza ni daftari la kupokelea samaki. Humo ndimo jasho la mwanachama linamogeuka kuwa tarakimu, na tarakimu hiyo ikikosewa asubuhi mwaloni, hakuna hesabu ya jioni ofisini itakayoweza kuisahihisha.

Katika chama kimoja kando ya Ziwa Victoria nilikuta manung'uniko ya miezi mingi. Wanachama walisema kwamba samaki wao “wamekuwa wepesi”. Mizani iliyotumika ilikuwa ya mnunuzi, naye Katibu aliandika alichosomewa. Alikuwa mtu mwaminifu, lakini hakuwa na kitu cha kulinganisha na mizani ile. Niliazima utepe wa kupimia kwa fundi cherehani aliyekuwa jirani, tukawapima sangara kumi. Makala haya yanaeleza tulichofanya siku ile, ili kila chama kiweze kukifanya bila kumngoja mkaguzi.

KUPIMA UREFU NA MZINGO

Vipimo vinavyohitajika ni viwili. Cha kwanza ni urefu. Mlaze samaki juu ya ubao ulionyooka, mdomo ukiwa umefumbwa, upime kutoka ncha ya mdomo hadi mwisho wa mkia. Utepe upite juu ya ubao wala usifuate mviringo wa tumbo, kwani ukifuata tumbo utaongeza urefu usiokuwapo.

Cha pili ni mzingo, yaani duara la mwili mahali palipo panene kuliko pote. Kwa sangara mahali hapo huwa karibu na mwanzo wa pezi la mgongoni. Zungusha utepe ukigusa ngozi bila kuibana, na mapezi yalazwe.

Kisha zidisha mzingo kwa mzingo, uzidishe jibu kwa urefu, na ugawanye kwa 29,000. Vipimo vikiwa vya sentimeta, jibu ni kilo. Mfano: sangara ana urefu wa sentimeta 90 na mzingo wa sentimeta 54. 54 mara 54 ni 2,916. Mara 90 ni 262,440. Ukigawanya kwa 29,000 unapata kilo 9 na gramu chache.

Kanuni hii si ngeni. Wavuvi wa ndoana wa Marekani huitumia kwa samaki aitwaye bass, ambaye aliletwa hata katika Ziwa Naivasha nchini Kenya katika miaka ya 1920. Wao hupima kwa inchi na ratili, na hugawanya kwa 800. Hiyo 29,000 ni kanuni ile ile iliyogeuzwa kuwa ya sentimeta na kilo.

KWA NINI MZINGO HUZIDISHWA MARA MBILI

Samaki hukua pande tatu: urefu, kimo na unene. Urefu tunaupima peke yake; kimo na unene vimo pamoja ndani ya mzingo, na kwa hiyo mzingo huhesabiwa mara mbili. Hapa pana mambo mawili ambayo yafaa yaeleweke vizuri.

Jambo la kwanza ni kwamba kosa dogo la mzingo huwa kubwa katika jibu. Samaki wetu wa sentimeta 90 akipimwa mzingo wa 52 badala ya 54, jibu linashuka kutoka kilo 9 hadi takriban kilo 8.4. Kwa hiyo pimeni mzingo mara mbili kabla ya kuandika.

Jambo la pili ni kwamba jicho hudanganya. Chukueni sangara wa sentimeta 45 mwenye mzingo wa 27. Kwa jicho ni nusu ya yule wa 90. Kwa hesabu uzito wake ni kilo 1.13 tu, yaani sehemu moja kwa nane. Mwanachama anayeuza samaki kwa kukisia, “huyu ni kama wawili wa wale”, amewatoa wenziwe sita bure. Na mvuvi anayewamaliza wachanga wanane leo amepata uzito wa mmoja tu ambaye angempata baadaye.

KIGAWANYO CHA CHAMA CHENU

Sangara wa mahali pamoja huweza kuwa wanene kuliko wa mahali pengine, na majira nayo hubadilisha unene. Kwa sababu hiyo chama kijitafutie kigawanyo chake. Chukueni samaki 20 wa ukubwa mbalimbali, wazima, ambao hawajatolewa utumbo. Wapimeni urefu na mzingo, kisha wapimeni kwenye mizani iliyohakikiwa. Kwa kila samaki zidisheni kama tulivyoeleza, na mgawanye kwa uzito wake wa kweli. Samaki wa mfano wetu akionekana kuwa na kilo 9.4, basi 262,440 kwa 9.4 ni takriban 27,900. Jumlisheni majibu yote 20, mgawanye kwa 20, na hicho ndicho kigawanyo chenu. Kiandikwe katika daftari pamoja na tarehe.

MAKADIRIO HAYALIPI MTU, BALI NI SHAHIDI

Naomba jambo hili lisichanganywe. Malipo hufanywa kwa mizani iliyohakikiwa na kupigwa chapa na Wakala wa Vipimo kila mwaka, wala si kwa utepe. Kazi ya utepe ni kutoa ushahidi.

Ushahidi huo husomwaje? Samaki mmoja akitofautiana na mizani kidogo, si ajabu. Huenda alikuwa ameshiba au alikuwa mwembamba. Katika samaki kumi, makosa ya namna hiyo huenda huku na huku: wengine huzidi, wengine hupungua. Lakini samaki wote kumi wakipungua upande mmoja, hapo tatizo haliko kwa samaki.

Ndivyo ilivyokuwa katika chama kile. Wote kumi walipungua kwenye mizani. Tuliipima ndoo tupu, kisha tukatia lita 10 za maji kwa kipimo cha uhakika. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo mizani ilipaswa kuongeza kilo 10. Iliongeza 9. Haikusaidia kubishana kama springi ilikuwa imechoka au imechezewa. Mizani ile iliondolewa siku hiyo, na chama kikaitafutia ofisi mizani yake.

Mtu anaweza kusema kwamba kilo moja katika kumi ni kidogo. Tufanye hesabu. Chama kinachopokea kilo 300 kwa siku hupoteza kilo 30 kila siku, na kwa siku 26 za kazi ni kilo 780. Wahenga wa ushirika walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba daftari bila mizani ya kweli huandika upotevu huo kwa hati nzuri.

Vilevile mabondo yapimwe peke yake na kuandikwa peke yake. Bondo ni jepesi, lakini bei yake kwa kilo huipita mbali bei ya minofu, na pasipo safu yake katika daftari huondoka pamoja na utumbo kana kwamba ni takataka.

KUMSHIKA SAMAKI BILA KUUMIA

Sangara ana silaha tatu. Pezi la mgongoni lina miiba migumu. Mfuniko wa shavu una mwiba na makali yanayokata kama msumeno. Na chini, karibu na mkia, kuna pezi jingine lenye miiba. Meno yake ni madogo kama msasa, nayo hukwaruza ngozi. Kwa hiyo:

1. Vaeni glovu nene au tumieni kitambaa kigumu kilicholowa. Msiingize vidole ndani ya matamvua.

2. Mshikeni kwa taya la chini kwa mkono mmoja, na mkono wa pili uchukue uzito wa tumbo. Samaki mzito asining'inizwe kwa taya peke yake, maana nyama huchanika na mnunuzi humshusha daraja.

3. Sangara huweza kuzidi kilo 100. Anapopandishwa, watu wote wasisimame upande mmoja wa mtumbwi. Auawe upesi kwa rungu kichwani kabla ya kuanza kutapatapa miguuni mwa watu.

4. Ndoana itolewe kwa koleo baada ya samaki kutulia.

5. Jeraha la mwiba lioshwe mara moja kwa maji safi na sabuni, na majeruhi aende zahanati akaulizie sindano ya pepopunda. Mwanachama mmoja ninayemfahamu alidharau tundu dogo la kidole, akakaa nje ya ziwa majuma matatu.

Sangara aliye chini ya sentimeta 50 ni mchanga, naye asipokelewe chamani. Akinaswa angali hai, mikono ilowe maji kwanza, ashikwe kwa ulalo, arudishwe taratibu bila kutupwa. Lakini aliyepandishwa haraka kutoka kina kirefu huvimba, kwa kuwa hewa ya bondo lake hutanuka, na kuokoka kwake ni kwa shida. Kinga iliyo bora ni ukubwa wa ndoana na macho ya nyavu.

BARAFU NAYO NI UZITO

Samaki aliyeachwa juani huharibika kabla siku haijaisha. Aliyewekwa katika barafu ya kutosha hukaa majuma mawili na zaidi. Kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki ndiyo kadiri inayofaa katika nchi zenye joto kama yetu. Tukumbuke kwamba mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya hofu ya sumu katika uvuvi, na wavuvi waaminifu waliumia pamoja na waovu. Jina la ziwa ni mali ya wote.

WAJIBU WA KATIBU

Kwa muhtasari, kila Katibu ahakikishe kwamba ofisi ina utepe, ubao wa kupimia, na ndoo ya kujaribia mizani. Kwamba mizani inajaribiwa kwa maji kila Jumatatu mbele ya wanachama wawili, nao watie sahihi. Na kwamba samaki watano hupimwa kwa utepe kila juma na makadirio kuandikwa kando ya uzito wa mizani. Kazi hiyo haizidi nusu saa.

Mwanachama naye asione haya kuuliza tarakimu iliyoandikwa mbele ya jina lake. Usiku alikuwa ziwani. Asubuhi ana haki ya kujua alichorudi nacho.