Kisichohama Lugha Zinapohama

Hivi majuzi nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya upili huko Magwagwa, katika Kaunti ya Nyamira. Mada niliyopewa ilikuwa Kiswahili na maendeleo, mada ambayo sisi wahadhiri wa isimu tumeizoea mno. Nilipomaliza, na makofi ya heshima yakatulia, msichana mmoja wa kidato cha tatu aliyeketi karibu na dirisha akainua mkono.

"Mwalimu," akasema, "umetuambia kwamba Kiswahili kinaweza kubeba elimu yoyote. Je, kinaweza kubeba hisabati, ile ya chuo kikuu, au haya ni maneno tu?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu wake wa hisabati, aliyesimama nyuma kabisa, akatabasamu, nami nikatambua kwamba swali lile lilikuwa lake pia.

Ningeweza kumjibu kwa methali, kama tufanyavyo aghalabu tunapobanwa. Lakini swali la dhati halijibiwi kwa methali. Nilimwahidi kwamba nitarudi na jibu. Huko chuoni nilimwendea mwenzangu wa idara ya hisabati, nikamtaka anipe jambo gumu miongoni mwa yale ayajuayo. Bila kusita akanitajia kanuni za nukta tuli katika jiometri ya hesabu, yaani taaluma inayoichunguza milinganyo ya nambari kwa jicho la mtu anayetazama maumbo. Akanifunza kwa jioni kadhaa. Muhula uliofuata nilirudi Magwagwa nikiwa na ramani, chungwa, ngata na kalenda.

Nukta tuli ni nini? Ni ile ambayo, vitu vyote vinapohamishwa, yenyewe husalia pale pale. Nilitandika ramani ya Nyamira kwenye sakafu ya darasa. Nikawaeleza wanafunzi kwamba kwenye karatasi ile kuna nukta moja, wala si mbili, iliyolala juu kabisa ya mahali inapopawakilisha. Ukiigeuza ramani, nukta nyingine itashika nafasi hiyo, kukosekana haikosekani. Mholanzi Brouwer alithibitisha jambo pana la aina hii zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Kujua kwamba nukta tuli ipo ni hatua ya kwanza. Kuzijua ni ngapi ni hatua ya pili. Hatua hiyo ilipigwa mwaka 1926 na Solomon Lefschetz, mzaliwa wa Moscow aliyehamia Marekani. Alikuwa mhandisi, na mwaka 1907 akapoteza mikono yote miwili katika ajali kazini. Ndipo akaigeukia hisabati. Ufunguo wa kanuni yake ni huu: usizisake nukta moja baada ya nyingine, bali litazame umbo zima, kisha ujumlishe na kutoa.

Nililishika chungwa kwa vidole viwili, kimoja juu na kimoja chini, nikalizungusha. Kila mahali kwenye ganda palihama isipokuwa pale penye vidole. Kanuni inasema hivi: chungwa ni kitu kimoja, andika 1, lina ganda moja linalofunika uwazi wa ndani, ongeza 1, jibu ni 2. Kisha nikaichukua ngata, ile ambayo mama zetu huiweka kichwani kabla ya kujitwika mtungi, nikaizungusha juu ya meza. Hakuna mahali hata pamoja palipotulia. Kanuni inasema: kitu kimoja, andika 1, kuna njia mbili za kuizunguka, moja ya kufuata duara lake na nyingine ya kupenya tundu lake, toa 2, ganda ni moja, ongeza 1, jibu ni 0. Wanafunzi wakanyamaza, na ukimya ule haukuwa wa kuchoka.

Ndipo nikaitundika kalenda. Wiki ya Kiswahili inajihesabu yenyewe: Jumamosi ni 1, Jumapili ni 2, hadi Jumatano ambayo ni 5. Baada yake huja Alhamisi, na hapo lugha yetu inatuchezea, maana jina hilo kwa Kiarabu lina maana ya siku ya tano. Tuna siku mbili za tano! Kwa hesabu yetu, hata hivyo, Alhamisi ni 6, na Ijumaa, juma linapotimia, ni 0. Sasa zidisha siku kwa siku, ukizitupa wiki kamili na kubakisha salio. Jumatatu mara Jumatano ni 15. Toa wiki mbili, inabaki 1, nayo ni Jumamosi.

Chukua siku yoyote uipandishe hadi kipeo cha 7. Ukianza na Jumapili unapata 128. Wiki 18 ni siku 126, linabaki 2, yaani Jumapili ile ile. Ukianza na Jumatatu unapata 2187. Wiki 312 ni siku 2184, linabaki 3. Siku zote saba hurudi kwao. Mfaransa Fermat aliligundua jambo hili mwaka 1640, nalo huwa kweli kwa kila nambari tasa, yaani nambari isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Zaidi ya siku hizi saba kuna jamii pana ya nambari 49 iliyojengwa juu yake, na nyingine pana zaidi juu ya hiyo. Katika jamii hizo pia unaweza kupandisha kila nambari hadi kipeo cha 7. Nyingi zitahama. Zisizohama ni zile saba za awali tu, kwa sababu mlinganyo wa kipeo cha 7 hauwezi kuwa na majibu zaidi ya saba. Kwa hiyo kuuliza mlinganyo fulani una majibu mangapi ndani ya wiki ni sawa na kuuliza: katika umbo pana la majibu yote, ni nukta ngapi zilizotulia? Swali la hesabu limegeuka kuwa swali la ngata na chungwa.

Tukachukua mlinganyo huu: mraba wa y ni sawa na x kwa kipeo cha 3, ongeza 1. Yule msichana akaja ubaoni. Alipoanza na Jumapili mahali pa x, alipata 8 ongeza 1, yaani 9, ambayo kwa siku ni 2. Mraba gani unatoa 2? Wa Jumatatu, na wa Jumanne. Hayo ni majibu mawili. Akaendelea hivyo na siku zote saba, midomo yake ikichezacheza, akapata majibu 11. Wanahisabati huongeza moja zaidi lililo mbali kabisa, mithili ya mahali ambapo kingo mbili za barabara zinaonekana kukutana kwenye upeo wa macho. Jumla ni 12.

Mlinganyo huu, ukitazamwa kama umbo, ni ngata. Kanuni yake ina kiunzi kile kile: 1, toa kitu fulani kwa ajili ya zile njia mbili, kisha ongeza kwa ajili ya ganda. Ila hapa ganda linahesabiwa 7, na njia mbili kwa pamoja zinatoa −4. Kutoa −4 ni kuongeza 4: 1 na 4 na 7 ni 12. Mjerumani Helmut Hasse alithibitisha katika miaka ya 1930 kwamba nambari hiyo ya kati haiwezi kukua ovyo; kwa siku saba, milinganyo ya aina hii haipati chini ya majibu 3 wala zaidi ya 13.

Uzuri wenyewe uko mbele. Tafuta nambari mbili ambazo jumla yake ni −4 na zao lake ni 7. Huna haja ya kuzitaja. Jumla ya miraba yake ni 16 toa 14, yaani 2. Basi katika jamii ya nambari 49, mlinganyo wetu una majibu 1, toa 2, ongeza 49: jumla 48. Tumejua bila kuhesabu hata moja.

Aliyeona umbali wa jambo hili ni Mfaransa André Weil. Mwaka 1940, akiwa gerezani huko Rouen kwa kutoitikia wito wa jeshi, alimwandikia barua dada yake, mwanafalsafa Simone Weil. Aliifananisha kazi yake na ya mtu anayefumbua maandishi ya lugha tatu ambayo kila lugha imesaliwa na vipande tu. Lugha ya kwanza ni ya nambari, ya tatu ni ya maumbo, na ile ya katikati ni ya milinganyo ya jamii finyu za nambari kama wiki yetu. Mwaka 1949 akatabiri kwamba idadi za majibu hufuata sheria, kana kwamba ipo kanuni ya Lefschetz kwa ajili yao. Alexander Grothendieck na wenzake wakaijenga kanuni hiyo katika miaka ya 1960, na mwaka 1974 Mbelgiji Pierre Deligne akachapisha uthibitisho wa sehemu ya mwisho, iliyokuwa ngumu kupita zote.

Niliposikia habari za barua ile nilishtuka, kwa maana kazi hiyo ni yangu. Kutafsiri ni kuhamisha kila kitu: sauti, sarufi, mpangilio wa maneno. Kinachosalia pale pale baada ya uhamisho huo ndicho tunachokiita maana. Maana ni nukta tuli ya lugha.

Mtu wa Magwagwa analijua hili kabla ya kuingia darasani. Eneo hili limepakana na majirani Waluo na Wakipsigis. Kwa Ekegusii, 6 ni isano nemo, yaani tano na moja; 7 ni tano na mbili; 8 ni tano na tatu. Mluo husema auchiel, na ndani yake unaisikia achiel, moja. Mkipsigis husema lo, neno fupi lisilo na kiungo. Mswahili alichukua sita kutoka kwa Kiarabu, akaiacha tandatu ya mababu. Saba ya kale imebaki katika fungate ya maharusi. Majina manne, njia nne za kuiona nambari moja, na hakuna mnunuzi wa ndizi aliyepunjwa kwa sababu hiyo.

Nilipokuwa mtoto, katika shule ambayo sitaitaja, tulivishwa kibao shingoni tulipoteleza na kusema lugha ya mama. Nilikariri kanuni nyingi kwa Kiingereza na kuzitapika siku ya mtihani. Nilifaulu. Lakini lau mtu angeniambia nizieleze kwa nyanya yangu, nisingeweza, na leo natambua kwamba sikuwa nimezielewa.

Sisemi mtihani wa taifa ubadilishwe kesho. Tanzania imefundisha hisabati ya shule za msingi kwa Kiswahili tangu mwaka 1967, na kamusi ya fizikia, kemia na biolojia ilitolewa huko mwaka 1990. Hata hivyo, pendekezo la mwaka 1982 la kukifikisha Kiswahili hadi sekondari halikutekelezwa. Mambo ya sera huenda kwa mwendo wake. Ninachowaomba walimu kiko mikononi mwao. Mwanafunzi anapokuambia kwamba ameelewa, mwambie aieleze kanuni hiyo kwa lugha nyingine: kwa Kiswahili, kwa Ekegusii, kwa Dholuo. Yatakayopotea njiani yalikuwa maneno. Yatakayofika ndiyo elimu aliyonayo. Nanyi wanafunzi, jipimeni hivyo wenyewe kabla mtihani haujawapima.

Tulipokuwa tukiagana, yule mwalimu wa hisabati aliniuliza kama nilimsikia msichana wake akihesabu ubaoni. Nilimsikia. Alikuwa akiandika kwa tarakimu, akinijibu kwa Kiswahili, na kunong'ona kwa Ekegusii: isano nemo, isano na ibere. Majibu yake yalikuwa 11.